FAHAMU: Jinsi Programu Zinavyoruhusiwa Kuelekeza Njia za Intaneti na Masharti Yanayozidhibiti

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, huduma za intaneti zilizorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, zikiwemo Tanzania na Kenya, baada ya mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, kukatika upande wa kusini mwa bahari ya Afrika Mashariki. Kurasa zilichelewa kufunguka na baadhi ya huduma za mtandaoni zikasimama. Wakati ukarabati wa mikongo ukisubiri meli maalumu, kampuni za mawasiliano zilihamishia sehemu ya mawasiliano ya wateja wao kwenye njia nyingine zilizobaki.

Kuhamisha mawasiliano kutoka njia moja kwenda nyingine ni kazi ya vifaa viitwavyo ruta. Mwananchi havioni vifaa hivyo, lakini kila muamala wa fedha, kila barua pepe na kila fomu ya serikali inayojazwa mtandaoni hupita ndani yake. Makala hii inafafanua namna ruta zinavyopokea maelekezo, kwa nini wataalamu wa kimataifa walisanifu mlango maalumu unaoziwezesha programu za kompyuta kuzielekeza ruta hizo, na masharti yaliyowekwa ili mlango huo usigeuke kuwa chanzo cha hasara.

Kazi ya ruta katika mtandao

Ujumbe wowote unaotumwa kwa simu au kompyuta hukatwa vipande vidogo vya data viitwavyo pakiti. Kila pakiti hubeba anwani ya mahali inapokwenda, lakini haibebi ramani ya safari. Ramani imo ndani ya ruta. Pakiti ifikapo, ruta husoma anwani, hutazama jedwali lake la njia, kisha huipeleka kwa ruta inayofuata. Kazi hiyo hurudiwa kituo hadi kituo mpaka pakiti ifike.

Jedwali la njia halijazwi na chanzo kimoja. Baadhi ya njia huandikwa na mhandisi kwa mkono. Nyingine ruta hujifunza kutoka kwa majirani zake kwa kutumia itifaki, yaani kanuni za mazungumzo baina ya mashine. Ndani ya mtandao wa kampuni moja hutumika itifaki kama OSPF na IS-IS. Baina ya mtandao mmoja na mwingine hutumika BGP, ambayo waraka wake wa kwanza ulitolewa Juni 1989. Kufikia mwaka 2024, ruta iliyobeba njia zote za intaneti kwa anwani za toleo la nne ilihifadhi njia zaidi ya 900,000. Vyanzo viwili vinapopendekeza njia tofauti za kwenda mahali pamoja, ruta huchagua mojawapo kwa kufuata ngazi ya upendeleo iliyopangwa na mwenye mtandao.

Ubora wa itifaki hizo ni kwamba kiungo kikikatika, hugundua na kutafuta njia nyingine bila kumsubiri binadamu. Hata hivyo, zipo habari ambazo haziwezi kuziona. BGP haijui kwamba njia mbadala iliyobaki imejaa na inatupa pakiti. Haijui kwamba wimbi kubwa la data linaloelekea kwenye seva fulani ni shambulio la makusudi. Haijui pia kwamba kiungo kinachofanya kazi vizuri sasa kitazimwa saa sita usiku kwa ajili ya matengenezo. Habari hizo ziko katika mifumo mingine: mizani ya kupima wingi wa mawasiliano, programu za ulinzi, na ratiba za wahandisi.

Kutoka amri za mkono hadi violesura vya programu

Kwa miaka mingi, mhandisi aliyetaka kubadilisha mwenendo wa ruta aliingia ndani ya kifaa hicho na kuandika amri moja baada ya nyingine. Kila mtengenezaji alikuwa na lugha yake ya amri, na mtandao wenye ruta mia moja ulihitaji kazi hiyo kurudiwa mara mia moja. Itifaki ya SNMP, iliyotolewa mwaka 1988, ilisaidia hasa katika kusoma hali ya vifaa. Mwaka 2006 ilikuja NETCONF, itifaki iliyoziwezesha programu kuandika mipangilio ya vifaa kwa utaratibu mmoja. Oktoba 2010 ilitolewa YANG, lugha ya kueleza umbo la taarifa zilizomo ndani ya kifaa ili programu na ruta zielewane hata kama watengenezaji wake ni tofauti.

Hatua hizo zilirahisisha kazi, lakini zililenga zaidi mipangilio ya kudumu, yaani maamuzi yanayohifadhiwa na kurejea pale ruta inapozimwa na kuwashwa tena. Maamuzi ya haraka na ya muda, kama vile kuhamisha sehemu ya mawasiliano kwa saa mbili au kuzuia shambulio linaloendelea, hayakuwa na mahali pake rasmi.

Mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani na wenzao walipendekeza OpenFlow, ambayo ilielekea upande mwingine. Katika mtazamo huo, maamuzi ya njia huondolewa ndani ya kifaa na kuwekwa katika kidhibiti kimoja cha nje, huku kifaa kikibaki kutekeleza tu. Wazo hilo lilipata wafuasi wengi. Lakini kwa mitandao mikubwa iliyokwisha jengwa juu ya BGP, OSPF na IS-IS, kuiondoa akili yote ndani ya ruta kulimaanisha kuacha pia uwezo wake wa kujiokoa pale mawasiliano na kidhibiti yanapokatika.

Ndipo Kikosi Kazi cha Uhandisi wa Intaneti, kinachofahamika kwa kifupi cha IETF, kilipounda mwaka 2013 kundi la kushughulikia kiolesura cha mfumo wa njia, kwa kifupi I2RS. Lengo lake lilikuwa kuacha akili ya ruta mahali pake, kisha kuongeza mlango ambao programu za nje zitautumia kusoma hali ya njia, kupokea taarifa za matukio na, pale zinaporuhusiwa, kubadilisha maamuzi. Usanifu wa mlango huo ulichapishwa Juni 2016 katika waraka namba 7921, ulioandikwa na Alia Atlas, Joel Halpern, Susan Hares, Dave Ward na Thomas Nadeau.

Wakala, mteja na programu

Usanifu huo una wahusika wakuu watatu. Wa kwanza ni wakala. Huyu ni sehemu ya programu inayokaa ndani ya ruta. Hupokea maombi, huyapima na kuyatekeleza au kuyakataa. Wa pili ni mteja, ambaye katika waraka huu si mtu bali ni programu iliyo nje ya ruta inayozungumza na wakala. Wa tatu ni programu tumizi zenye haja halisi, mathalani programu ya ulinzi dhidi ya mashambulio au programu ya kusawazisha wingi wa mawasiliano. Programu hizi hupitisha haja zao kwa mteja.

Mteja mmoja anaweza kuzungumza na mawakala wengi, na wakala mmoja anaweza kuhudumia wateja wengi. Mteja pia halazimiki kubaki ameunganishwa na wakala muda wote. Anaweza kuunganishwa, kutoa ombi, kisha kuondoka. Alichokiandika kitabaki kikifanya kazi ndani ya ruta hata baada ya yeye kuondoka. Sifa hiyo inaleta wepesi, lakini inaleta pia dhima, kwa kuwa aliyeandika amri ndiye anayetarajiwa kuifuta itakapokuwa haihitajiki.

Wakala hampokei kila anayebisha hodi. Kila mteja ana utambulisho uliothibitishwa, na utambulisho huo hufungamanishwa na mamlaka ya aina tatu: mamlaka ya kusoma, mamlaka ya kuandika, na mamlaka ya kupokea taarifa za matukio. Mteja mmoja anaweza kuruhusiwa kusoma jedwali lote la njia bila kugusa chochote. Mwingine anaweza kuruhusiwa kuandika njia za sehemu moja tu ya anwani. Mipaka hiyo huwekwa na mwenye mtandao, wala mteja hawezi kujiongezea mamlaka mwenyewe.

Amri ya muda na mpangilio wa kudumu

Kiini cha usanifu huu kiko katika aina ya maamuzi yanayoandikwa kupitia mlango huo. Maamuzi hayo ni ya muda. Ruta ikizimwa na kuwashwa upya, yote hufutika, na kifaa hurejea katika mpangilio wake wa kudumu uliohifadhiwa. Wakala anapoanza upya huwaarifu wateja anaowafahamu kwamba ameanza upya, ili anayehitaji kuandika tena afanye hivyo akijua hali ilivyo.

Utaratibu huu unafanana na ule wa makutano ya barabara yenye taa. Taa ndiyo mpangilio wa kudumu. Askari wa usalama barabarani anapofika kwa sababu ya msongamano au ajali, ishara ya mkono wake huchukua nafasi ya taa kwa muda. Akiondoka, taa zinaendelea na kazi yake, na hakuna fundi anayehitajika kuzirekebisha, kwa kuwa hazikuguswa.

Faida yake ni kwamba kosa la programu halijichimbii mizizi. Ikitokea programu imeandika njia mbovu, nakala ya mpangilio wa kudumu inabaki salama, na upo uhakika wa mahali pa kurejea. Mahitaji ya amri za muda, yaliyochapishwa Septemba 2017 katika waraka namba 8242, yanaongeza sharti jingine muhimu: amri ya muda inaweza kutegemea mpangilio wa kudumu, lakini mpangilio wa kudumu haupaswi kutegemea amri ya muda. Bila sharti hilo, kufutika kwa amri moja ya muda kungeweza kuangusha maamuzi ambayo mwenye mtandao aliyakusudia yadumu.

Amri mbili zinapogongana

Mlango wenye watumiaji wengi huzaa swali la mgongano. Chukulia mfano wa programu mbili zinazoielekeza ruta moja. Programu ya ulinzi imegundua shambulio na inataka pakiti zote zinazoelekea kwenye anwani fulani zitupwe. Wakati huohuo, programu ya kusawazisha mawasiliano inaona kiungo kimoja kimejaa na inataka pakiti za anwani hiyohiyo zipitishwe kwenye kiungo cha pili. Ruta haiwezi kutii zote mbili.

Usanifu unaeleza kwamba mgongano wa namna hiyo ni kosa la mipango, na wenye mitandao wanatakiwa kugawa majukumu ili usitokee. Lakini kwa kuwa makosa hutokea, matokeo yake lazima yatabirike. Kwa sababu hiyo kila mteja hupewa daraja la kipaumbele, linalohifadhiwa upande wa wakala. Mwenye daraja la juu ndiye anayeshinda. Madaraja yakilingana, aliyeandika kwanza ndiye anayebaki, na wa pili hukataliwa. Mteja ambaye maandishi yake yamefutwa na mwingine huarifiwa, ili asiendelee kudhani kwamba amri yake bado inafanya kazi.

Kanuni ya aliyetangulia inaweza kuonekana haitoshi, kwa sababu aliyetangulia si lazima awe na hoja bora. Hata hivyo, inazuia hali mbaya zaidi, ambapo programu mbili zenye nguvu sawa zinafutiana amri bila kikomo na njia za mtandao zinayumba huku na huko. Watumiaji wa mtandao kama huo hushuhudia huduma zikipatikana na kupotea bila sababu inayoeleweka.

Vivyo hivyo, mwenye mtandao hupanga ni kipi kitashinda pale amri ya muda inapopingana na mpangilio wa kudumu. Uamuzi huo haukuachiwa programu.

Kumbukumbu ya nani alifanya nini

Waraka namba 7922, uliotolewa pia Juni 2016, unashughulikia ufuatiliaji. Unaelekeza kwamba kila ombi linalopokelewa na wakala liwekewe kumbukumbu: muda lilipofika, utambulisho wa mteja na daraja lake, kitendo kilichoombwa, taarifa zilizoambatana nacho, na matokeo yake. Kumbukumbu hizo zinaweza kusafirishwa nje ya ruta ili zihifadhiwe na kuchunguzwa.

Umo pia utambulisho wa pili. Kwa kuwa mteja mmoja anaweza kubeba maombi ya programu tumizi nyingi, jina la mteja peke yake halitoshi kueleza amri ilianzia wapi. Mteja huweza kuambatanisha utambulisho wa programu iliyomtuma. Wakala hautumii utambulisho huo kutoa ruhusa. Huuandika tu katika kumbukumbu. Siku ya uchunguzi, wataalamu wanaweza kufuata mkondo wa amri kutoka kwenye ruta, kupitia kwa mteja, hadi kwenye programu iliyoomba.

Kuhusu usalama wa mawasiliano yenyewe, waraka namba 8241 wa Septemba 2017 unataka wakala na mteja wathibitishane utambulisho pande zote mbili. Unataka pia ujumbe usimbwe ili usisomwe na wengine, usibadilishwe njiani, wala usinakiliwe na kurudiwa na mtu mwenye nia mbaya. Taarifa chache za kusoma tu, ambazo kufahamika kwake hakuleti madhara, ndizo zinazoweza kusafirishwa bila ulinzi huo. Uandishi wowote lazima upite katika njia salama.

Matukio yanayoonesha uzito wa jambo hili

Madhara ya maelekezo yenye makosa katika ruta yanafahamika. Tarehe 24 Februari 2008, kampuni ya Pakistan Telecom ilitangaza kwa BGP njia ya sehemu ya anwani za YouTube, kwa nia ya kuzuia tovuti hiyo ndani ya Pakistan. Tangazo hilo lilivuka mipaka ya nchi, likapokelewa na mitandao mingine duniani, na kwa takriban saa mbili watu wa mataifa mengi hawakuweza kuifikia YouTube. Uamuzi uliokusudiwa kwa eneo moja ulitekelezwa na dunia.

Tukio la pili lilitokea tarehe 4 Oktoba 2021, wakati huduma za Facebook, WhatsApp na Instagram zilipozimika duniani kote kwa takriban saa sita, kuanzia jioni kwa saa za Afrika Mashariki. Kampuni husika ilieleza baadaye kwamba wakati wa matengenezo ya kawaida ilitolewa amri ya kupima uwezo wa mtandao wake mkuu, na amri hiyo ikakata bila kukusudiwa viungo vyote baina ya vituo vyake vya data. Ulikuwepo mfumo wa kukagua amri za namna hiyo kabla ya kutekelezwa, lakini mfumo huo ulikuwa na hitilafu na haukuizuia. Seva zake za majina ya tovuti, zilipoona haziwezi kuvifikia vituo vya data, ziliondoa matangazo yao ya njia katika BGP, na huduma zikatoweka katika ramani ya intaneti.

Matukio hayo mawili hayakutokana na kiolesura cha I2RS. Yanaonesha, hata hivyo, maswali ambayo kila kiolesura cha aina hiyo lazima kiyajibu kabla ya kufunguliwa. Mipaka ya mamlaka ya kuandika inahusu kosa la mwaka 2008, ambapo amri ilivuka eneo lake. Uhakika wa mahali pa kurejea na kumbukumbu za kila ombi unahusu kosa la mwaka 2021, ambapo wahandisi walilazimika kurejesha mtandao hatua kwa hatua huku zana zao nyingi za ndani nazo zikiwa zimezimika.

Hatua zilizofuata na mipaka ya usanifu

Baada ya usanifu kuchapishwa, kazi iliendelea katika kueleza umbo la taarifa. Machi 2018 ulitolewa waraka namba 8345, unaoeleza kwa lugha ya YANG namna ya kuwakilisha ramani ya mtandao. Septemba mwaka huohuo ulitolewa waraka namba 8431, unaoeleza jedwali la njia. Mahitaji ya kundi hilo kuhusu taarifa za matukio nayo yalichangia viwango vya kujiandikisha na kupokea mabadiliko ya vifaa, vilivyochapishwa Septemba 2019.

Usanifu huu una mipaka. Hauongezi uwezo wa mikongo. Pale mikongo miwili inapokatika, programu inaweza kugawa vizuri zaidi nafasi iliyobaki, lakini haiwezi kupitisha mawasiliano mahali ambapo hakuna njia. Kujengwa kwa mikongo inayopita maeneo tofauti ya bahari na nchi kavu kunabaki kuwa kinga ya kwanza. Vilevile, masharti yaliyomo katika nyaraka hizi hayajitekelezi yenyewe. Mwenye mtandao anayempa kila mteja mamlaka ya kuandika jedwali lote, au anayeacha kumbukumbu bila kuzisoma, atakuwa na mlango mpya na atakosa ulinzi uliokusudiwa.

Kwa taasisi zinazonunua au kusimamia mitandao inayohudumia wananchi, nyaraka hizi zinatoa maswali ya kumuuliza mtoa huduma kabla ya kuruhusu programu yoyote kuelekeza ruta. Ni nani anaruhusiwa kuandika, na katika sehemu ipi ya mtandao? Amri yake inadumu kwa muda gani, na ikifutika mtandao unarejea katika hali ipi? Programu mbili zikipingana, ipi itashinda, na iliyoshindwa itaarifiwa vipi? Huduma ikikatika, kumbukumbu zitamwonesha nani aliyetoa amri ya mwisho? Majibu ya maswali hayo yanapaswa kuwemo katika mkataba kabla mlango huo haujafunguliwa.